Chaneli ya Tano Haikuwa Asali

Nilirudisha funguo za karakana ya Gatina mwezi uliopita, na tangu siku hiyo nyinyi mliobaki na bodi ya taa hamnipi nafasi ya kumeza chai. Anti Nekesa, hii taa inakataa nyekundu. Anti Nekesa, hii inazunguka yenyewe. Jamani, nimestaafu ama nimehamishwa? Basi nimeketi hapa mlangoni pangu Silanga na daftari niwaandikie mara moja, halafu mniache nipike kwa amani. Mambo ya vyeo na mshahara msiyatafute humu, hayo hayawezi kujaza hata ukurasa. Nitawaambia nilivyoingia kazini, nani alinifunza, na kosa langu ambalo lilimwangukia mtu mwingine. Hilo kosa ndilo linanifanya niandike, haya mengine ni ya kunipa ujasiri wa kulifikia.

Nilikuja Gatina nikiwa fundi wa cherehani. Karakana ilikuwa inakodisha taa za majukwaa kwa makanisa, harusi na michezo ya kuigiza, na walitaka mtu wa kuwashonea mapazia meusi. Nilifika asubuhi na mkasi wangu kwenye mkoba, nikakuta mabati yamefunikwa mablanketi mpaka kwa madirisha, na ndani mzee mmoja mnene ameketi kwenye giza. Huyo alikuwa Mzee Okumu. Alikuwa ametengeneza redio Riruta miaka mingi kabla ya kuingia kwa taa, na sauti yake ilikuwa ndogo, utadhani kuna mtoto amelala chumba cha pili.

"Wewe ndiye wa mapazia?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Macho yako ni mazuri?"

"Naona uzi kwa sindano bila miwani."

"Basi pazia litangoja. Kaa kwa hiyo stuli, uangalie ile shuka, uniambie unaona nini."

Mbele yangu kulikuwa na shuka nyeupe imetundikwa kwa kamba ya nguo. Nyuma yangu yeye alikuwa na bodi, ile meza ndogo yenye vitufe vya kusukuma. Nikaketi. Nikangoja. Nikamwambia naona taa.

"Taa hata mimi naiona," akasema. "Nimekuuliza unaona nini."

Nilikasirika kidogo, nisiwadanganye. Lakini nikaangalia tena, na hapo kwenye shuka palikuwa na kitu ambacho hakikuwa hapo awali, wekundu mwepesi sana, mwepesi hata sikuwa na hakika kama uko kwa shuka au uko kwa macho yangu. Ukaongezeka polepole. Nikasema, "Kuna wekundu unakuja, lakini bado haujafika." Nyuma yangu nikasikia kalamu inaandika. Tuliendelea hivyo mpaka saa sita, na mimi sikusikia njaa. Mapazia niliyashona wiki iliyofuata.

Kwa wale wanaoanza tu, nieleze kazi yenyewe. Taa ya jukwaa haijui Kiswahili wala Kiingereza, inajua namba tu, kutoka sifuri hadi mia mbili hamsini na tano, na inazipokea kwa njia tunazoziita chaneli. Taa moja inaweza kuwa na chaneli saba, nyingine kumi na sita. Profaili ni ile orodha unayoiandikia bodi ili ijue kwamba kwa taa hii chaneli ya kwanza ni ukali, ya pili ni nyekundu, ya tatu ni kijani, na kuendelea. Bila profaili bodi ni kipofu, inapiga kelele kwa mtu isiyemjua. Taa za maana huja na profaili zake zimeshaandikwa. Zetu zilikuja kwa makontena zikiwa zimebanduliwa majina, na kama kulikuwa na kijitabu ndani ya boksi, kilikuwa cha taa nyingine. Kwa hivyo tuliziandikia wenyewe.

Mzee Okumu alikuwa na utaratibu wake na hakuubadilisha hata siku moja. Watu ni wawili. Mmoja anasukuma, mmoja anaangalia shuka, na yule anayeangalia haambiwi ni chaneli gani imeguswa. "Ukishajua nimesukuma nyekundu, utaona nyekundu hata kama ni chungwa," alikuwa akisema. "Macho yanapenda kutii." Anayeangalia anasema, anayesukuma anaandika. Halafu mnabadilishana viti na mnaanza upya na daftari lingine. Madaftari mawili yakisema kitu kimoja, unaandika profaili. Yakitofautiana, mnatoka nje, mnakunywa chai, mnarudi mwanzo. Kuna taa zilitunywesha chai mpaka tumbo likavimba.

Tulikuwa tunaziita hizo saa kusoma taa. Sijui nitawaelezaje nyinyi mliozoea kuchomeka waya na kukimbia. Nje kuna boda boda zinapiga honi, kwaya ya kanisa la jirani inafanya mazoezi, mtu anapigilia misumari kwa paa, na ndani ni giza na shuka na rangi inayokuja taratibu mpaka huwezi kusema ilianza lini. Bluu ndiyo ilikuwa inanichukua zaidi. Ilikuwa inafika kwangu kabla haijafika kwa shuka. Mara nyingi nilijipata nimekaa na mdomo wazi, sijui kama nimelala au niko macho, nasikia tu mzee ananiuliza kwa ile sauti yake, "Nekesa, uko?" Nami najibu, "Niko, Mzee. Sasa imekuwa ya alfajiri." Na yeye anaandika hivyohivyo, ya alfajiri. Majina yetu ya rangi yalikuwa hayo. Kulikuwa na ya alfajiri, ya damu ya kuku, ya majani ya kunde, na ile ya manjano iliyoiva, ambayo watu wa vitabu wana jina lake lakini sisi tuliiita asali.

Vyombo vyetu mngevicheka. Mswaki wa zamani wa kutoa vumbi la makaa kwenye feni, kwa sababu taa ikienda Silanga wiki moja inarudi inakohoa. Kipande cha kioo cha kuchungulia vibao vya nyuma bila kupanda ngazi. Rangi ya kucha, nyekundu, ya kuandikia namba za taa, maana wino wa kalamu unayeyuka kwa joto. Mwanzoni wanaume wa karakana walinicheka kwa hiyo rangi ya kucha. Baadaye nilikuwa nawakuta dukani wakichagua, na mwenye duka akiwatazama.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kuna taa moja ya shingo ndefu ambayo ukipandisha chaneli ya tisa ikapita mia mbili, inaacha kila kitu na kuanza kutazama huku na huku ukumbini, juu, chini, pembeni, kama mtu aliyepoteza funguo kabisa. Tulikaa nayo siku tatu mpaka tukajua hapo ndipo mtengenezaji alificha amri ya kujizima na kujiwasha upya. Na kuna harusi ya Kawangware ambapo Mzee Okumu mwenyewe aliweka kijani mahali pa nyeupe, bibi harusi akaingia na uso wa mtu mwenye homa ya manjano. Watu waliguna. Mama mkwe peke yake hakuguna, yeye alionekana kuridhika. Mzee alirekebisha kwa dakika moja, lakini hakula wali wa siku hiyo, na kesho yake tuliisoma ile taa upya tangu mwanzo, mara mbili.

Magoti yalipomshinda, Mzee Okumu alirudi kwao upande wa ziwa. Siku ya kuondoka sikutaka kulia mbele ya watu, nikajishughulisha na kukunja nyaya. Akaniita.

"Nyathina, mtoto wangu, nakuachia hii kitu."

"Nimeshika, Mzee."

"Usisome peke yako."

"Sitasoma peke yangu."

Nilimaanisha, wallahi, ingawa mimi ni Mkristo. Wakati huo nilimaanisha kila neno.

Sasa tumefika. Miaka ilipita, kazi zikawa nyingi, na mimi nikawa yule mtu ambaye kila mmoja anasema, muulize Nekesa, Nekesa anajua. Hiyo sentensi ni sumu, mjihadhari nayo. Jumamosi moja zikaja taa sita mpya, na nikazitoa kwa boksi nikacheka kwa furaha, kwa sababu zilikuwa na umbo lilelile la taa zetu sita za zamani. Mwili uleule, skrubu zilezile, kioo kilekile, hata mkwaruzo wa rangi ulifanana. Za zamani zilikuwa zimekodishwa kwingine, na kesho yake nilikuwa na kanisa la hapa Silanga, siku ya kwaya. Nikajiambia, hawa ni mapacha. Profaili ya zamani itawatosha. Sikutundika shuka. Sikumwita mtu akae kwa stuli.

Kwenye kwaya hiyo kulikuwa na msichana anaitwa Atieno, wa miaka kumi na tisa, mtoto wa Mama Atieno anayelima na kuuza mboga kule kando ya bwawa. Kama hamjawahi kumsikia Atieno akiimba sina la kuwapa. Alikuwa anaanza wimbo kwa sauti ya chini, karibu ya kuongea, na watu wanaacha kujipepea. Asubuhi tulijaribu taa kwa haraka, bluu na nyeupe tu, zikatii. Atieno akaja pale kwa bodi, akainama.

"Anti, mwisho wa wimbo utaniwekea ile ya asali?"

"Nitakuwekea mpaka ujisikie uko ndani ya mzinga."

Akacheka, akaenda kuvaa joho.

Mchana madirisha yalifungwa kwa mapazia yangu mwenyewe. Atieno akasimama katikati ndani ya bluu, akaimba, na mimi nikiwa na kidole kwa kitufe cha asali nilikuwa mbali, nilikuwa nimebebwa kabisa. Ubeti wa mwisho ukaja. Nikasukuma. Badala ya asali kuja, taa zote sita zikaanza kuwaka na kuzima, kama radi. Nikadhani ni waya umelegea. Nikadhani asali imekwama, nikaisukuma zaidi ili ifunguke. Kadiri nilivyosukuma, ndivyo zilivyowaka na kuzima kwa kasi zaidi. Watu wakapiga vigelegele, wakidhani ni mapambo ya mwisho wa wimbo. Atieno akanyamaza katikati ya neno. Alikuwa anatazama moja kwa moja kwenye mwanga, mkono wake wa kulia unarukaruka, halafu akaanguka chali na mwili wote ukashikwa.

Nilivuta kila kitu chini, ukumbi ukawa giza, watu wakapiga mayowe. Nilikimbia. Kuna mtu alikuwa analeta kijiko amtie mdomoni, nikakipiga kikaruka, maana mtoto wa dada yangu ana kifafa na tulishaambiwa hospitali: usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu, mwekee kitu laini kichwani, ungoje. Nikamlaza ubavu, leso yangu chini ya kichwa chake. Nikangoja. Mtu akafungua pazia, jua likaingia. Atieno akatulia, akafungua macho, hajui aliko. Na juu yetu, kwa kipaza sauti, mzee mmoja wa kanisa alikuwa tayari anakemea pepo.

Jumatatu nilitundika shuka. Nikasukuma mwenyewe na kuangalia mwenyewe, na hata hivyo ilinichukua dakika chache tu. Kwa taa za zamani, chaneli ya tano ilikuwa asali, na ya sita ilikuwa ile ya kuwaka na kuzima. Kwa hizi mpya, mtengenezaji alikuwa amezibadilisha. Ya tano haikuwa asali. Nilikuwa nimempiga yule mtoto kwa radi huku nikidhani namwongezea joto, na alipozidi kuumia nikazidi kuongeza. Niliketi chini kwa sakafu ya karakana. Halafu nikasimama, nikabadilisha mistari miwili kwenye profaili, nikaihifadhi. Kuchemsha chai kunachukua muda mrefu kuliko hivyo. Na sikumwambia mtu.

Mtaniuliza kwa nini. Niliogopa. Niliona aibu. Nilijiambia watu watasahau, mwezi mmoja tu na kwaya itamrudisha. Hizo ndizo sababu, na nimezitazama miaka hii yote na hazijawahi kuwa nzuri zaidi.

Watu hawakusahau. Atieno alitolewa kwa kwaya. Mwenye saluni aliyekuwa akimsuka alianza kumwambia mikono inamuuma. Kijana aliyekuwa anamtembelea alipata shughuli. Akawa anakaa kando ya bwawa na mama yake, anafunga sukuma wiki kwa mafungu, na haimbi hata kwa kunong'ona. Mimi nilinunua mboga kwake mara tatu kwa wiki. Nilinunua mpaka majirani wakaniomba nisiwapelekee tena. "Sasa, Anti," alikuwa akinisalimia, "zile nyororo nimekuwekea." Nami nazichukua, natembea haraka. Miaka miwili.

Halafu Alhamisi moja nikamkuta mama yake peke yake, macho yamevimba.

"Mama Atieno, kwani kuna nini?"

"Aki Nekesa, wacha tu. Unajua tulimpeleka kliniki. Daktari akasema ni kifafa, na kinaamshwa na mwanga wa kuwakawaka. Akampa dawa, na sasa ni mwaka na zaidi hajaanguka."

"Si hiyo ni habari njema?"

"Tukaipeleka kwa kanisa. Wakasema sawa, anaweza kurudi kwaya. Lakini Jumapili asimame kwanza mbele ya watu, aseme alifanya nini mpaka akamfungulia huyo pepo mlango, aombe msamaha, ndiyo wamwombee."

"Na alifanya nini?"

"Hajui! Tangu Jumanne amekaa na kalamu na karatasi anatafuta dhambi. Amepata moja. Alimdanganya nyanyake akiwa darasa la tatu."

Sikununua mboga siku hiyo. Nilifika nyumbani nikampigia Mzee Okumu. Alikuwa amezeeka sana, ile sauti ndogo imekuwa ndogo zaidi. Nikamweleza yote, nikamaliza kwa kusema, "Mzee, nilisoma peke yangu."

"Hapana," akasema. "Hukusoma. Ungesoma ungeona."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Sasa unanipigia mimi ya nini, Nekesa? Mimi ndiye nilianguka?"

Jumapili nilichukua taa moja kati ya zile sita, nikaifunga kwa boda boda nyuma yangu na bodi nimeikumbatia, nikashuka mpaka kanisani mapema. Mchungaji, kijana mpole anayeogopa wazee wake, alinisikiliza akiwa ameshika kichwa. Akauliza kama lazima iwe mbele ya watu. Nikamwambia Atieno alisemwa mbele ya watu. Akanionyesha soketi ya umeme ilipo.

Wakati ulipofika, Atieno alikuwa ameketi mbele na karatasi yake imekunjwa mara nne. Nikasimama kabla hajaitwa. Nikamwomba Mama Atieno amtoe nje kwa muda, wakae nyuma ya ukuta. Atieno akaniangalia, asielewe, akatoka. Nikawaambia wengine kwamba nitawasha mwanga wa kuwakawaka kwa muda mfupi, na yeyote mwenye kuanguka, au ambaye mwanga humuumiza kichwa, atoke. Mama mmoja akatoka na mtoto. Baba mmoja wa sauti nzito kwenye kwaya akatoka pia, bila kumtazama mtu. Hatukuwa tunajua.

Nikawaonyesha. Nikaweka ile profaili ya zamani, nikasema, "Mnaona kitufe hiki? Siku ile niliamini hiki ni asali." Nikasukuma. Taa ikapiga radi ukutani. Nikasukuma zaidi, ikazidi. Nikaizima.

"Hizi taa sikuzisoma," nikasema. Nikashika meza. "Niliziona zinafanana na zingine, nikakimbilia sifa. Mtoto ana ugonjwa ambao hata yeye hakuujua, na mimi nikauamsha kwa mkono huu. Jumatatu yake nilijua. Nimejua miaka miwili, na nimewaacha mkimwita mwenye pepo. Huyo pepo nilimwandika mimi, kwa hii bodi."

Yule mzee aliyekemea siku ile akasimama. "Lakini mama, sisi tuliona kwa macho yetu."

"Hata mimi, Mzee, nilikuwa naona kwa macho yangu. Niliona asali."

Akaketi. Nikawaita wasogee, wale wa mbele, nikafungua profaili mbele yao. Nikaweka asali mahali pake, ya sita. Ile ya tano nikaipa sifuri, nikaitoa kabisa kwa orodha, ili mtu akisukuma kitu chochote kwenye bodi asiifikie hata kwa bahati mbaya. Tangu siku hiyo taa zote za makanisa hazina ile ya radi kwenye orodha, na msizibadilishe. Atakayetaka disko aende kwa disko.

Tulipoinua macho, Atieno alikuwa amesimama mlangoni. Ukuta wa kanisa ni mabati, alikuwa amesikia kila neno. Akatembea katikati ya viti mpaka mbele, akasimama karibu nami, na nilidhani atanipiga. Ningekubali.

"Ulikuwa unanunua sukuma kwangu," akasema.

"Ndiyo."

"Kila wiki. Unaniangalia."

"Ndiyo, Atieno."

Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikuvunjika. Mchungaji akaanza kusema kitu kuhusu upendo, Atieno akamnyamazisha kwa mkono tu, msichana wa miaka ishirini na moja. Akafungua ile karatasi, akaitazama, akairarua mara mbili, akaweka vipande juu ya mimbari. Halafu akageukia watu.

"Leo mlikuja hapa kusikia mtu akiomba msamaha," akasema. "Haya. Nangoja."

 Nilipiga magoti kwanza mimi, kwa sababu ilikuwa zamu yangu tangu miaka miwili. "Nisamehe, Atieno." Aliitikia kwa kichwa tu, akaangalia mwingine. Mchungaji akasema. Mwenye saluni akasema, analia. Wanakwaya wakasema mmoja mmoja, na kila mmoja Atieno alimngojea mpaka amalize. Yule mzee wa kipaza sauti akawa wa mwisho. Alijaribu kusema akiwa ameketi.

"Simama, Mzee," Atieno akamwambia, kwa heshima kabisa. "Siku ile ulisimama."

Akasimama, akasema.

Hakuna aliyempangia kuimba, na kwaya haikuwa imevaa. Aliniambia, "Anti, washa hiyo asali yako, nione," na akaugeuzia mwanga uso wake wote. Mama yake alikuwa ameshika benchi kwa mikono miwili. Nikasukuma ya sita polepole, kuliko nilivyowahi kusukuma kitu chochote, na asali ikaja, ikatulia, haikutikisika. Atieno aliitazama mpaka akatosheka. Halafu akaanza kuimba kwa ile sauti ya chini, karibu ya kuongea, na alipofika lile neno aliloliacha katikati siku ile, akalimaliza.